Bi Fundi Anajibu: Ulizeni Kilitoka Wapi

Toleo lililopita niligusia ununuzi wa vifaa vya ujenzi vilivyotolewa kwenye majengo yaliyobomolewa, nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zilizoniuliza kama muuzaji fulani ni mwaminifu nimeziweka pembeni, maana mtu huyo simjui. Zilizobaki nazijibu hapa. Mnivumilie kwa jambo moja: mimi ni seremala. Kwenye mbao nitaongea mpaka mnichoke, kwenye mabomba nitakuwa mchache wa maneno.

Swali: Shikamoo Bi Fundi. Yadi moja ya vifaa vilivyotumika imeleta mbao za kenchi kutoka jengo la zamani. Ni ndefu, nzito, na muuzaji anasema mbao za enzi zile hazifi. Nataka kuzitumia kwenye paa langu. Nitajuaje kama ni nzima? – Mjenzi wa Pole Pole

Jibu: Marahaba, mwanangu. Muuzaji wako amesema nusu ya ukweli. Mbao nyingi za majengo ya kale zilipasuliwa kwenye miti mikubwa iliyokua taratibu msituni, na ukitazama kichwa cha ubao pale ulipokatwa utaona pete za ukuaji zimebanana. Tena zimeshakauka, na zilizotaka kupinda zimeshapinda. Unachokiona ndicho utakachokipata. Ila uzee peke yake si sifa. Ubao uliotoka kwenye mti mbovu ulikuwa mbovu siku ile ulipopigiliwa, na sasa ni mbovu na mzee.

Anzia kwenye ncha. Ubao wa kenchi huoza pale ulipolala juu ya ukuta na pale paa lilipovuja, mara chache huoza katikati. Chukua bisibisi bapa, uikandamize kwa nguvu ya mkono tu, bila nyundo. Ikizama, umeshapata jibu. Isipozama, chokoa kidogo kisha unyanyue: ubao mzima hutoa kibanzi kirefu chenye nyuzi na husikika ukipasuka, ulioanza kuoza hukatika vipande vifupi kimya kimya. Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote kwa sababu hakihitaji umeme wala ruhusa ya mtu. Mwenye yadi akikukataza kuchokoa ncha ambayo utaikata hata hivyo, mwachie mbao zake.

Wadudu sasa. Matundu madogo ya milimita moja hadi tatu yanawatisha watu bure. Tundu ni mlango wa mdudu aliyekwisha kutoka, pengine alitoka kabla hujazaliwa. Cha kutafuta ni unga. Pangusa ubao vizuri, tandika karatasi chini yake, uombe uachwe hapo bila kusogezwa, urudi baada ya siku kadhaa. Ukikuta unga mpya, wenyewe wangali ndani, na ukiupeleka nyumbani watahamia kwenye mbao zako nyingine. Kwa mchwa tumia sikio: gonga kwa kifundo cha kidole ubao wote toka mwanzo hadi mwisho, na pale sauti inapobadilika ikawa ya debe tupu, weka alama ya chaki.

Misumari ndiyo inayowatoa mafundi damu na kuvunja meno ya misumeno. Muuzaji atakuambia ameing'oa yote. Aliyoing'oa ni ile yenye vichwa. Kwenye mbao ngumu tafuta doa la rangi ya bluu iliyokaribia weusi: chuma kikikutana na unyevu na tanini, ile kemikali ya asili iliyomo kwenye mti, huacha wino wa aina hiyo, na katikati ya doa mara nyingi kuna msumari uliokatikia ndani. Mimi hutembea na sumaku kali iliyofungwa kwenye uzi. Naiburuza juu ya ubao, nayo inanionyesha mahali. Haishiki skrubu za shaba, lakini hizo hazivunji msumeno.

Halafu funga jicho moja, utazame ubao kwa urefu kuanzia kichwani, kama mtu anayelenga shabaha. Uliopinda kuelekea upande mmoja wa kimo chake bado unafaa, utaulaza mgongo ukiwa juu na mzigo utaunyoosha kidogo. Uliojisokota usiununue hata ukipewa nyongeza. Hakuna randa itakayoutengeneza bila kuumaliza. Angalia pia sehemu zilizochongwa kwa ajili ya maungio ya zamani. Boriti ikibeba mzigo, upande wake wa chini huvutwa na wa juu hubanwa, kwa hiyo pengo lililochongwa upande wa chini katikati ya urefu ni hatari kuliko pengo lile lile likiwa juu. Mbao hizo zikate hapo, utumie vipande vifupi.

Na paa lenyewe? Anayekuchorea na kukukadiria kenchi aje azione mbao kwa macho yake kabla hujalipa. Mimi ningechagua chache zilizonyooka kabisa kwa ajili ya paa, zilizobaki nikatengeneza milango, maana ni dhambi kuficha ubao wa namna hiyo juu ya dari.

Swali: Dada, nimeupenda mlango wa paneli, mbao ngumu, na nimeshatoa arbuni. Una upana wa sentimita 81. Nafasi iliyopo kati ya miimo yangu ni 76. Fundi wangu anasema atapunguza. Nimwamini? – Mama wa Mlango Mmoja

Jibu: Usimruhusu, dada. Ukiacha nafasi ya milimita mbili tatu kila upande, huo mlango unatakiwa upungue zaidi ya sentimita 5. Hata akigawanya pande mbili, ataondoa karibu sentimita 3 kwenye kila nguzo ya pembeni. Hapo ndipo ndimi za maungio, zile ncha zilizochongwa zikaingia kwenye matundu, zinapoishia, na ndipo tundu la kitasa lilipo. Ataukuta ulimi uko nje na kitasa hakina nyama ya kukishika. Mlango wa paneli huvumilia kupunguzwa milimita chache kila upande kwa ajili ya kunyoosha, basi. Ule wa flashi, wenye uwazi ndani, unavumilia kidogo zaidi au pungufu kutegemea upana wa kipande kigumu kilichozunguka ukingo, na huwezi kukijua mpaka umeukata, jambo ambalo si zuri kuligundua kwa msumeno.

Kama ukuta haujapigwa plasta, panua nafasi na ununue mlango pamoja na fremu yake. Kama umeshapigwa na kupakwa rangi, jaribu kubadilisha ile arbuni na mlango mwingine. Wauzaji wengi hukubali kubadilisha kuliko kurudisha fedha.

Wengine mnaosoma ambao hamjaanza kujenga: mlango na dirisha la zamani hununuliwa kabla ukuta haujapanda. Mlango ndio utakaomwambia mwashi aache nafasi kiasi gani. Mkifanya hivyo mnaweza kuchukua kipimo chochote, hata vile vya inchi ambavyo havilingani na chochote kinachouzwa leo, na vipimo vya ajabu ndivyo vinavyokaa yadini muda mrefu na kupunguzwa bei. Kabla ya kulipa pimeni pembe kwa pembe. Mistari miwili ya mshazari ikitofautiana, mlango umekwenda upande. Kisha msimamisheni mtu aushike wima mtazame kingo zake mbili kama zinakwenda sambamba.

Swali: Bi Fundi, kuna nondo zilizotolewa kwenye zege la jengo lililovunjwa, zimenyooshwa vizuri. Naweza kuzitumia kwenye nguzo? – Mdogo wako, Fundi Chuma

Jibu: Hapana, mdogo wangu. Kwenye nguzo, mhimili au slabu, hapana.

Nondo ikikunjwa ikiwa baridi hukakamaa pale ilipokunjwa. Ukiinyoosha unaikunja mara ya pili kwa kinyume, na nyufa zisizoonekana kwa jicho huanzia kwenye vitako vya zile mbavu zake. Wengine huipasha moto ili inyooke kwa ulaini. Hao wanaiharibu zaidi, kwa sababu nondo nyingi nguvu yake hutokana na jinsi ilivyopozwa au kusokotwa kiwandani, na moto wa mtaani unaifuta. Zitumie kutengenezea vigingi, uzio, au chanja ya mmea unaotambaa.

Vipande vilivyonyooka ambavyo havijawahi kukunjwa ni habari nyingine, na hivyo unaweza kuvipima. Chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, ugawe kwa 162. Jibu ni kilo kwa kila mita. Nondo ya milimita 12 inatoa 144 gawa kwa 162, yaani karibu kilo 0.89; ya milimita 16 inatoa kama kilo 1.58. Pima kipande cha mita moja kwenye mizani. Kikipungua sana, ama kutu imekula, ama hata ilipokuwa mpya haikuwa ya kipimo ulichoambiwa. Kutu nyepesi inayotoka kwa kufuta haina neno. Inayobanduka magamba na kuacha vishimo ina neno.

Swali: Nataka ukuta wa nje wa matofali ya kuchoma ya zamani, bila plasta. Yadini kuna rundo kubwa lililochanganyika. Naogopa kuokota mabaya. – Mpenda Matofali

Jibu: Muulize muuzaji yalikuwa sehemu gani ya jengo, na ukiona hajui, chukulia kwamba yamechanganyika. Kwenye matanuri ya zamani moto haukuyafikia matofali yote sawa: yaliyokaa karibu nao yaliiva, ya pembeni yalibaki laini na yamepauka. Wajenzi walilijua hilo, wakayaweka yale laini kwenye kuta za ndani au nyuma ya plasta, yakatulia miaka na miaka. Jengo likivunjwa, ya nje na ya ndani yote huangukia rundo moja, na wewe unayaona yote ni matofali ya kale yenye sura nzuri. Yale laini ukiyaweka nje yanyeshewe, yataanza kumomonyoka uso.

Shika mawili uyagonganishe. Lililoiva hulia sauti kali, laini hutoa sauti iliyokufa. Jaribu kulikwaruza kwa ukucha au msumari. Ukitaka uhakika, chukua machache nyumbani, yapime yakiwa makavu kabisa, yaloweke saa 24, uyafute na kuyapima tena. Viwango vya India, kwa mfano, vinaruhusu tofali la kawaida linywe maji yasiyozidi 20% ya uzito wake mkavu. Lililozidi hapo lipeleke ndani.

Angalia mota iliyoganda juu yake. Ya chokaa hutoka kwa tindo na mkono mwepesi. Ya saruji hung'ang'ania na kuondoka na uso wa tofali, na kazi ya kusafisha itakushinda bei. Kuna pia yale yenye masizi upande mmoja. Yalitoka kwenye bomba la moshi, na doa lake hupenya hata plasta mpya. Hayo nayakwepa hata yakiwa mazuri.

Mwisho, pima urefu wa matofali kadhaa kutoka pembe tofauti za rundo. Yakiwa yametoka majengo mawili, mwashi atahangaika na mistari. Kwa tofali la milimita 215 kwa 65 usoni na mota ya milimita 10, mita moja ya mraba ya ukuta mwembamba hula matofali 60. Ongeza ya kutosha kwa yatakayovunjika, kwa sababu rundo hilo likiisha limeisha.

Swali: Kuna karatasi za kuezekea za kijivu zenye mawimbi, nzito, si za bati. Zinauzwa karibu na bure. Pia madirisha ya mbao yaliyopakwa rangi tabaka juu ya tabaka. Vyote vinanifaa kwa banda. – Mfugaji

Jibu: Karatasi hizo ziache. Karatasi kuukuu za saruji zenye mawimbi mara nyingi zina asbestosi, madini ya nyuzi nyembamba sana, na hakuna jicho linaloweza kuhakikisha, hata langu. Ni maabara peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbestosi husababisha saratani, na ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miongo kadhaa. Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999, na Umoja wa Ulaya wote 2005. Ikikaa bila kuguswa hatari ni ndogo, lakini wewe utaitoboa, utaikata, utaisugua, na hapo ndipo nyuzi zinaporuka. Uliza kwa nini iko karibu na bure: kuitupa kihalali ni gharama, na mwenye nayo anataka gharama hiyo uibebe wewe.

Madirisha chukua, kwa masharti. Tabaka za chini zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Marekani ilizuia rangi hiyo majumbani mwaka 1978, na kwingine ilichelewa zaidi. Usiipige msasa mkavu na usiichome kwa moto. Ilowanishe, ukwangue ikiwa na maji, kusanya takataka zote, na watoto wasiwe karibu. Mifugo pia hulamba na kutafuna mbao, kwa hiyo kwenye banda usiyaweke mahali midomo yao inapofika. Hali kadhalika mbao za zamani za uzio zilizotiwa dawa ya shaba, kromi na arseniki: ukijani wake hufifia zikawa za kijivu kama mbao nyingine. Marekani na Umoja wa Ulaya waliibana dawa hiyo majumbani kuanzia 2004, lakini mbao zake bado zinazunguka. Vipande vyake visiingie jikoni kuwa kuni. Arseniki ni sumu, nayo hubaki kwenye majivu.

Swali: Waya za umeme, swichi, mabomba na choo cha kukaa, je? – Mtu wa Haraka

Jibu: Waya na sakiti breka, hapana. Bomba na valvu za gesi, hapana. Koki za shaba nzito, ndiyo, ukibadilisha washa, kile kiduara cha mpira cha ndani, na ukihakikisha nyuzi zake za kukazia zinaingia kwenye bomba lako. Choo, ukikigonga kikalia vizuri bila ufa, sawa. Ila uliza umri wake, maana vya zamani vingi humwaga lita 13 au zaidi kwa mara moja, wakati vya sasa hutosheka na 6. Maji hayo utayalipia kila siku.

Swali: Mume wangu anasema rahisi inavunja upishi, na kwamba wageni watatucheka tukiweka vigae vya sakafu vilivyotumika. Nimjibu nini? – Bibi wa Nyumba

Jibu: Mwambie Tao la Constantine, mtawala wa Kirumi, kule Roma, lililozinduliwa mwaka 315, limepambwa kwa nakshi zilizong'olewa kwenye majengo ya watawala waliomtangulia, Trajan, Hadrian na Marcus Aurelius. Msikiti Mkuu wa Kairouan, Tunisia, umesimama juu ya nguzo nyingi zilizotoka kwenye magofu ya Kirumi na ya Bizanti. Wageni wanakwenda huko kwa nauli kubwa, tena hawacheki.

Ila shemeji ana haki kwenye jambo moja. Geuzeni vigae mtazame mgongo. Vikiwa na gundi au saruji nene iliyoshika, muda wa kuvisafisha na vile vitakavyovunjika vitafanya bei ifanane na ya vipya. Hapo msikilize.

Swali: Shikamoo. Mimi ni fundi mwanafunzi, bosi hunituma yadini. Wauzaji wakiniona nilivyo mdogo wananipandishia bei. – Kijana wa Kutumwa

Jibu: Marahaba mjukuu wangu. Nenda asubuhi, kabla vumbi na wateja hawajajaa. Shika orodha ya urefu unaouhitaji, uwe unasoma karatasi na kupima kimya kimya. Mtu anayepima haulizwi umri. Usisifu kitu. Ukikipenda sana, pima kwanza kilicho jirani yake.

Ubao ulioloweshwa maji hupendeza, rangi huiva na nyufa hufunga, kwa hiyo ukikuta rundo limelowa na mvua haijanyesha, sema utarudi likikauka. Omba rundo lipinduliwe, kwani vya juu vimepangwa na mtu. Kasoro uziseme moja moja kwa upole huku ukiweka alama ya chaki. Chaki inapunguza bei bila ugomvi. Na kabla ya kukubaliana, uliza nani anapakia na gari linalipwa na nani, maana mbao nzito huweza kubebwa kwa gharama inayozidi ununuzi wenyewe.

Uliza kila kitu kilitoka jengo gani. Muuzaji halali hupenda kusimulia, mara nyingine hukusimulia mpaka ukachoka. Ukiona mlango una kitasa kilichovunjwa kwa mtaimbo, au shaba iliyounguzwa ili kutoa maganda, na mwenyewe anajibu kwa mkato, ondoka. Ukinunua, chukua risiti yenye maelezo ya kitu, umpe bosi wako. Akiuliza mtu siku moja, ajibu yeye.

Swali: Nimepata kioo kinene cha mlango, kikubwa kuliko fremu yangu. Wa kukata vioo anasema hakatiki. Ananidanganya? – Msomaji

Jibu: Hakudanganyi. Tazama kona zote nne kwa mwanga wa pembeni. Ukiona muhuri mdogo uliochapwa kwenye kioo wenye neno la kuonyesha kimekazwa kwa joto, hicho ukijaribu kukikata kitapasuka chote kiwe chembechembe. Kilikatwa kabla ya kukazwa, na hakikatwi tena. Kitengenezee fremu ya kipimo chake, au mrudishie muuzaji.